Kufuli Lisilojulikana na Mtoto Mdadisi



Nyumba zetu hazikosi kufuli. Liko mlangoni, liko kwenye sanduku la nguo, liko kwenye kabati la vyombo vya wageni. Na mtoto anapokwenda shule ya bweni, miongoni mwa mambo ya kwanza anayokumbushwa ni kufuli la sanduku lake. Twalifunga usiku na kulifungua asubuhi, na pengine mtu huishi miaka sitini asiulize hata mara moja: ndani ya kipande hiki cha chuma mna nini, na kwa nini ufunguo wangu hulifungua na wa jirani usilifungue?

Juma hili swali hilo limetufikia kutoka mbali kidogo na bahari. Mama mmoja msomaji wetu, mzaliwa wa Mombasa, anaishi na wanawe Githurai 45, upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Kwa wasioujua mji huo, tarakimu iliyo katika jina lake ni nambari ya matatu zinazokwenda huko, na jirani yake iko Githurai 44. Ni mahali pa soko kubwa kando ya barabara kuu ya Thika, na nyumba za kupanga zilizosongamana, ambamo familia nyingi huingilia lango moja. Mahali kama hapo kufuli si pambo.

Kijana wake wa miaka 16 ameshikwa na mapenzi ya makufuli mabovu. Huyanunua kwa wauza vyuma chakavu kwa shilingi chache, huyaosha kwa mafuta ya taa, kisha huyachora katika daftari. Hivi karibuni alileta kufuli zito la shaba, lisilo jina wala ufunguo, na kwa siku kadhaa akawa hana mazungumzo ila hayo: hili ni kufuli la namna gani? Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja wao alimwambia mama huyo mbele ya watu kwamba mtoto anayejifunza makufuli anajifunza wizi. Mama anatuuliza mambo mawili: kufuli hilo ni la namna gani, na je, amkataze mwanawe?

Tutalijibu la kwanza kabla ya la pili, kwa kuwa hakuna awezaye kuamua juu ya jambo asilolijua.

Kulisoma kufuli kwa nje

Mwenye kutaka kulijua kufuli haanzi kwa nguvu wala kwa nyundo. Huanza kwa macho. Ufunguo ukiwapo, ufunguo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote, maana umbo la ufunguo ni kivuli cha kilichomo ndani. Usipokuwapo, tundu la ufunguo hutazamwa kwa tochi, kisha huguswa ndani polepole kwa kitu laini kisichokwaruza, kama kijiti chembamba cha plastiki.

Aina za makufuli ni nyingi, lakini zile zinazozunguka mikononi mwetu hazizidi tano.

Ya kwanza ni kufuli la vizuizi. Ndani yake mna vibati visivyosogea, vilivyowekwa njiani ili ufunguo usio wake ukwame. Ufunguo wake ni bapa, una mapengo ya mraba yanayolingana pande zote mbili, na tundu lake ni pana. Ni la kale, na ndilo dhaifu kupita yote, kwani ufunguo ukipunguzwa ukabakishwa shina na ncha, hupita vizuizi vyote na kufungua makufuli mengi ya ukoo mmoja.

Ya pili ni kufuli la leva. Hapa mna vibao vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na kila kibao kina springi yake. Ufunguo hauna budi kuinua kila kibao kwa kimo chake hasa. Kikizidi, kufuli halifunguki, na kikipungua, halifunguki vilevile. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyepewa hataza ya wazo hilo la kimo kisichozidi wala kupungua, mwaka 1778. Ufunguo wake una shina la mviringo na bendera ndogo ubavuni yenye ngazi. Makufuli mengi ya India ni ya aina hii, hasa yatokayo Aligarh, mji uliotangaa kwa ufundi huo, na aghalabu hupigwa chapa ya idadi ya leva zilizomo.

Ya tatu ni kufuli la pini, na ndilo lililoenea zaidi madukani hivi leo. Ufunguo wake ni bapa, una milima na mabonde upande mmoja, na tundu lake ni jembamba lenye kona. Ndani yake mna vijiti vidogo vya chuma, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo ulio wake hupanga mikato yote katika mstari mmoja, na hapo ndipo kiini huzunguka. Mmarekani Linus Yale alipata hataza ya kufuli la pini mwaka 1848, na mwanawe mwenye jina hilohilo akalifanyia ufunguo mdogo bapa mwaka 1861. Walakini asili ya wazo hilo ni ya kale mno: watu wa Misri ya zamani walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vilivyoanguka kwa uzito wao wenyewe na kuinuliwa kwa ufunguo wa mbao mfano wa mswaki mkubwa.

Ya nne hufanana na hiyo, ila badala ya pini mna vibati vyembamba vyenye tundu katikati, ambavyo ufunguo huvipenya. Hupatikana katika droo za meza, makabati ya ofisini na makufuli madogo ya mabegi ya safari. Ni hafifu, na haifai kutegemewa mlangoni.

Ya tano ni kufuli la visahani, alilolibuni Emil Henriksson wa Ufini mwaka 1907. Ufunguo wake ni kama nusu ya fimbo ya mviringo, na mikato yake imelala kwa pembe mbalimbali. Ndani yake mna visahani vinavyozungushwa, kila kimoja kwa kiasi chake, wala havina springi. Kwa sababu hiyo huvumilia vumbi na baridi pale ambapo mengine hukwama.

Mkono nao una ushahidi wake. Kijiti kikigusa kitu kisichosogea hata kidogo, hivyo ni vizuizi. Kikisukuma kitu kidogo cha mviringo kikapanda na kurudi chenyewe, hizo ni pini. Kikisukuma ukingo mwembamba wa kibao kikapanda na kurudi, na pembeni yake mkawa na kingine cha namna hiyo na kingine tena, hizo ni leva. Na kikizungusha kitu kikabaki palepale kilipoachwa, bila ya kurudi, hivyo ni visahani. Kinachorudi, kinachobaki, na kisichosogea: mwenye kushika mambo haya matatu ameshika nusu ya elimu hii.

Kufuli la Githurai

Sasa na tulitazame kufuli la kijana wetu kwa yale aliyoyaandika katika daftari lake, ambayo mama ametunakilia kwa uangalifu. Mwili ni wa shaba ya njano, mzito, umeshikwa kwa ribiti sita, wala hakuna skrubu. Tundu la ufunguo lina kifuniko kidogo kinachozunguka. Katikati ya tundu pamesimama kijiti cha chuma kisichosogea. Ubavuni mwa kijiti hicho huonekana kingo tano nyembamba, na kila ukingo ukisukumwa hupanda na kurudi.

Kwanza twaondoa vizuizi, kwa sababu kingo hizo husogea. Pili twaondoa visahani, kwa sababu zasukumwa zikarudi. Tatu twaondoa pini, kwa kuwa alichokigusa ni ukingo wa kibao, na tundu si lile jembamba lenye kona. Vibati vya mabegi navyo havikai katika mwili mzito namna hiyo, wala havizunguki kijiti cha katikati. Linabaki moja: ni kufuli la leva, lenye leva tano zinazoonekana. Na kile kijiti kilichosimama katikati chatuambia jambo jingine ambalo kijana hakuliuliza: ufunguo uliopotea ulikuwa wa bomba, yaani shina lake lilikuwa na tundu mbele ili livae juu ya kijiti hicho. Ufunguo wa shina lililojaa usingeweza kuingia kabisa.

Twasema leva tano zinazoonekana, kwa kuwa huenda ipo ya sita iliyojificha nyuma. Yakini itapatikana kwa kufungua mwili. Kufuli hilo halifungi kitu chochote wala halina ufunguo, kwa hiyo si hasara. Libanwe katika jiliwa, vichwa vya ribiti vipunguzwe kwa tupa upande wa nyuma, kisha bamba liinuliwe taratibu chini ya kitambaa, maana springi hazina adabu na jicho halina badala. Miwani ya kazi ivaliwe. Leva zitolewe moja moja na kupangwa juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, zichorwe, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Jambo moja zaidi la kutazama ni ule upinde wa chuma unaopita katika tumbuu ya mlango. Upinde ukiwa na mkato upande mmoja tu, umeshikwa na ulimi mmoja. Ukiwa na mikato pande zote mbili, hasa mikato ya mviringo, aghalabu umeshikwa na gololi mbili, na huo ndio wenye nguvu zaidi. Mikato hiyo huonekana waziwazi kufuli likiwa wazi, na muuzaji hawezi kuificha.

Elimu isiyo ya jana

Kwa jirani aliyesema kwamba huko ni kujifunza wizi, twamkumbusha kwa heshima kwamba elimu hii imeshughulikiwa na watu wenye hadhi zao. Badi'uzzaman al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 kule Diyarbakir, alieleza humo kufuli lisilo na ufunguo, lenye visahani vinne vya herufi, ambalo halifunguki mpaka kila kisahani kikae mahali pake. Kufuli za tarakimu tunazozifunga kwenye mabegi ya safari ni za ukoo huohuo. Na katika jumba la Topkapi mjini Istanbul yamehifadhiwa makufuli na funguo za Kaaba, kazi za mafundi walioona kwamba hata chombo cha kufungia chastahili kupambwa.

Hoja ya jirani pia si mpya. Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Chubb lililosifika kuwa halifunguki bila ya ufunguo wake. Kazi hiyo ilimchukua kama dakika 25. Kisha akaliendea kufuli la Joseph Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka tangu 1790 pamoja na ahadi ya ginea 200 kwa atakayelifungua. Alitumia zaidi ya saa 50, zilizogawanywa katika siku 16, na akalifungua. Waingereza walifadhaika. Wako waliosema kwamba si haki kuwafunulia watu udhaifu wa makufuli, kwani wezi watasikia. Hobbs alijibu kwamba wezi wanaijua kazi yao tangu zamani, na kwamba anayedhurika kwa kutojua ni yule mwenye mali, anayelala akitegemea kitu kisichotegemeka. Baada ya hapo watengenezaji walilazimika kutengeneza makufuli bora.

Sisi twaona alisema kweli. Anayevunja nyumba usiku haji na daftari wala hachori leva tano kwa penseli. Huja na mtaimbo.

Masharti ya mchezo

Walakini hatusemi kwamba mama ayapuuze maneno ya majirani. Katika mitaa yetu neno "mwizi" likitamkwa kwa sauti, umati hukusanyika kabla ya ukweli haujafika, na wako vijana waliopoteza maisha kwa neno hilo moja. Hapa ndipo ilipo hatari ya kweli. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la pili ni hili: asimkataze, bali amwekee mipaka, na mipaka hiyo ijulikane.

Wapenzi wa fani hii ulimwenguni wana masharti mawili ambayo hayavunjwi. Wajerumani, walioanzisha chama cha mchezo huo mjini Hamburg mwaka 1997, huyashika sawasawa na wenzao wa nchi nyingine. La kwanza, usiguse kufuli ambalo si lako, ila kwa idhini ya mwenyewe. La pili, usijaribu kufuli linalotumika, hata likiwa lako, kwani laweza kuharibika likakufungia nje ya nyumba yako. Kwetu sisi sharti la kwanza halihitaji maelezo marefu. Mtoto aliyefunzwa kubisha hodi na kungoja ajibiwe, na kurudi asipojibiwa, amekwisha kulifahamu.

Tunaongeza matatu kwa ajili ya Githurai na miji iliyo kama hiyo.

Vifaa vyake visitoke nyumbani. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 308, inamtia hatiani mtu apatikanaye nje ya makazi yake na chombo cha kutumika katika wizi au uvunjaji wa nyumba, na kijana aliyesimamishwa njiani usiku akiwa na vyuma vyembamba mfukoni atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kila kufuli liandikwe: limenunuliwa lini, wapi, kwa bei gani. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, basi na anunue kwa mwenye leseni. Kwa njia hiyo hatajikuta amenunua kilichoibiwa, na daftari lenyewe litamsemea siku ulimi utakapoishiwa maneno.

Kazi yake ifanywe barazani, mchana, mbele ya watu. Jambo linalofichwa ndilo linalotafsiriwa vibaya. Jirani aliyenong'ona na aalikwe aone. Akiona leva zimepangwa juu ya karatasi pamoja na majina yake, huenda akaleta kufuli lake lililokwama. Na hata hapo, kijana asifungue mlango wa mtu peke yake. Mpangaji aliyepoteza ufunguo na aje na mwenye nyumba au mlinzi wa lango, na mama awepo.

Tena huu ni mlango wa riziki. Ukipita katika miji yetu utamwona fundi wa kuchonga funguo na mashine yake ndogo kando ya njia, na hakosi wateja. Kijana anayejua kwa nini ufunguo hufungua atakuwa fundi bora kuliko anayejua kunakili tu.

Kabla ya kulipa

Kina mama wanaojiandaa kununua kufuli la sanduku la mwanafunzi nao wana fungu lao katika haya. Masanduku ya bati, kama yale yanayogongwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, huwa imara kuliko makufuli yanayotiwa juu yake.

Lichukueni kufuli mkononi kabla ya kulipa. Tazameni ufunguo: ukiwa bapa wenye mapengo ya mraba yanayolingana pande zote mbili, ni la vizuizi, liacheni. Ukiwa na mabonde ya vimo mbalimbali, hesabuni mabonde. Matano ni bora kuliko matatu. Tazameni upinde kama una mikato pande mbili. Jaribuni funguo za makufuli mawili au matatu ya aina hiyohiyo hapo hapo dukani. Ufunguo wa moja ukifungua jingine, mmekwisha kupata jibu. Wala msihadaike na mwili mnene au wa mabamba yaliyobanwa pamoja, kwani mwili huo waweza kubeba kiini chochote, kizuri au kibovu.

Kufuli likianza kukwama, msitie mafuta ya kupikia. Hunasa vumbi na kuganda. Unga wa risasi ya penseli, uliokwanguliwa laini na kupulizwa katika tundu, hulainisha pini bila ya kunata. Na ufunguo wa akiba abaki nao mama nyumbani, umefungwa karatasi yenye jina la mtoto na jina la shule, ili siku simu itakapokuja kutoka bwenini kwamba ufunguo umepotea, sanduku lisivunjwe.